Miguu inatetemeka ukisimama tu, ukikaa inaacha: mwongozo kamili kuanzia nyumbani mpaka kwa daktari

Mi ni kinyozi, kibanda changu kiko Chikongola hapa Mtwara mjini, nina miaka 53. Kazi yetu mnaijua ni ya kusimama, unafungua saa mbili asubuhi unafunga usiku na katikati hapo unakaa labda wakati wa kula. Sasa miaka mitatu iliyopita ikaanza kitu sikielewi. Nikiwa nazunguka kichwa cha mteja niko sawa kabisa, ila nikifika kwenye kuchonga ndevu, pale ambapo lazima usimame kama nguzo na hata pumzi unaibana, mapaja yanaanza kuvuma kwa ndani. Sio kuuma, sio ganzi, ni kuvuma, kama umekanyaga ubao uliowekwa juu ya jenereta. Haipiti nusu dakika najiona nadondoka. Nikikaa kwenye benchi inakata hapohapo kama mtu kazima swichi, na nikitembea pia inakata.

Nimehangaika karibu mwaka na nusu kabla sijalijua jina lake, na sababu ya kuhangaika ndo iliyonifanya niandike yote haya: ugonjwa huu unatoka ukiwa umesimama, na daktari anakukuta umekaa. Uko kwenye foleni unatetemeka, unaitwa, unaingia, "karibu kiti mzee", ukishakaa tu ugonjwa huna. Anakugonga goti na kile kinyundo, goti zima, anakupima nguvu, nguvu zipo, unatoka na vidonge vya vitamini na dawa ya maumivu wakati hujasema unaumwa popote. Imenikuta hivyo sehemu tatu tofauti, sizitaji, maana na wao walikuwa wanatibu walichokiona na walichokiona ni mzee mzima kakaa kwenye kiti.

Kabla hatujaendelea, mi sio daktari. Dozi nimeziandika ili ukikaa na daktari ujue mnaongea nini, sio ukatoke hapo ukanunue.

Ni kitu gani hiki

Kitaalamu wanaita othostatiki trema, yaani mtetemo wa kusimama. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1984, alilitoa daktari wa Marekani anaitwa Kenneth Heilman, kwahiyo sio ugonjwa wa zamani sana vitabuni na madaktari wengi wanamaliza chuo hawajawahi kuona mgonjwa hata mmoja. Misuli ya miguu inatetemeka mara 13 mpaka 18 kwa sekunde moja. Hebu fikiria hiyo spidi. Mkono wa mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson unatetemeka mara 4 mpaka 6 kwa sekunde, ule unauona kwa macho hata ukiwa ng'ambo ya barabara, huu wetu ni wa haraka mno jicho halioni kitu, unausikia wewe mwenyewe, na wengine hata mtetemo hawausikii wanasema tu "nikisimama najihisi nitaanguka". Ndo maana ndugu wanakuona kama unajidekeza.

Misuli yenyewe haina shida. Tatizo linatoka juu, kwenye ubongo, kule kunakoratibu mwili usimame wima, na ushahidi wake ni kwamba miguu yote miwili inatetemeka kwa mapigo yaleyale ya pamoja kama ngoma mbili zinazopigwa na mtu mmoja. Kwahiyo kuchuliwa na mafuta ya nazi, sijui ya simba, kutakufariji ila haitoondoka. Wengi linawaanza wakishavuka miaka 50, wanawake wakizidi wanaume. Haliui lenyewe. Kuponya moja kwa moja bado hawajapata njia, ila kulipunguza mpaka ukaishi vizuri inawezekana.

Na sio jini. Mi nimeambiwa nimekanyaga kitu, nikapelekwa Mikindani kwa mtu, nikatoa jogoo, basi tuliache.

Hatua ya kwanza: jipime nyumbani, tena uandike

Hili ndo la muhimu kuliko mengine na halina gharama. Tafuta sehemu yenye ukuta nyuma yako na mtu wa karibu wa kukudaka. Vua viatu, vaa kaptula au pandisha msuli, simama miguu imebanana, mikono usishike kitu, mtu abonyeze saa ya simu. Andika sekunde ambayo mtetemo umeanza na sekunde ambayo umeshindwa umetaka kukaa. Mimi mara ya kwanza ulianza kwenye sekunde ya 9, nikakaa kwenye ya 31.

Halafu fanya mambo matatu mengine. Kaa, uone unakata baada ya muda gani (kwa ugonjwa huu unakata mara moja, haungoji). Simama tena mpaka uanze, kisha tembea hatua kumi, uone kama unapotea ukiwa unatembea. Mwisho simama uinamie meza uibane kwa viganja uzito uende mikononi, wengine mtetemo unapungua miguuni halafu unahamia mikononi, ukitokewa na hiyo andika maana daktari anayejua ataifurahia.

Video nayo. Weka simu chini usawa wa goti, pembeni, mwanga wa kutosha, rekodi dakika moja mguu mtupu kuanzia pajani mpaka kwenye kigimbi cha mguu. Usitegemee kuona mtetemo wa sinema, utaona tu ngozi juu ya goti inacheza kama maji kwenye sufuria kabla hayajachemka. Inatosha.

Mimi bahati yangu nina mpwa wangu, mtoto wa dada, nesi. Alikuja nyumbani Iddi akaniona napokea wageni nimeegemea mlango muda wote. Akaniambia, "Mjomba, hebu simama hapo katikati, usishike kitu." Nikasimama. Akapiga magoti akaweka kiganja nyuma ya paja langu akakaa kimya, halafu akaenda kwenye pochi lake akatoa kile kipimo cha kusikilizia moyo, akakiweka hapohapo pajani akasikiliza. Akanivalisha na mimi nikiwa nimesimama. Aisee, nilisikia dubudubudubudubu mfululizo, kama helikopta iko mbali inakuja. "Sasa kaa." Nikakaa, kimya. "Simama." Helikopta ikaja. Baadae ndo akasoma akakuta kumbe madaktari wanaijua na wenyewe wanaiita hivyohivyo, ishara ya helikopta. Mwaka na nusu nimezunguka, na kitu kikapatikana sebuleni, na kipimo ambacho kila zahanati ya Tanzania hii inacho.

Kwahiyo ukiwa na ndugu, jirani, mtu yeyote mwenye kipimo hicho muombe asikilize kwenye paja na kwenye kigimbi wakati umesimama. Kama kuna ngurumo inayokata ukikaa, tayari una kitu cha kusimulia.

Hatua ya pili: toa kwanza vile vinavyofanana na ugonjwa huu

Kutetemeka miguu sio lazima iwe hii, tena hii ni adimu, yale mengine ndo mengi. Usianze kujipa jina kubwa wakati una sukari imeshuka.

Kuna zile za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Miguu imelegea ghafla au upande mmoja wa mwili umekufa nguvu, mkojo umekubana hautoki au unatoka wenyewe, ganzi inapanda kuanzia nyayo kwenda juu, mgongo unauma na una homa au unakonda (TB ya mgongo inaanza hivyo), au kutetemeka kumekuja na jasho na kuchanganyikiwa. Hapo hakuna cha kupima sekunde.

Wakati wa kupulizia mikorosho pia kuwa makini. Mtu kashinda shambani na mashine mgongoni, dawa ya maji imemmwagikia, jioni misuli inarukaruka, mate yanamjaa, macho yanatoa machozi, anatapika, hiyo ni sumu ya kiuatilifu sio ugonjwa wa kusimama. Mvue nguo zote, muogeshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke haraka na kopo la dawa yenyewe mlibebe ili daktari asome ni kitu gani.

Halafu kuna konzo, na hii kwa sisi wa kusini lazima niikalie kidogo maana inatuhusu. Mkoa huu wa Mtwara ulishapata mlipuko wa konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wenzetu ng'ambo ya Ruvuma kule Msumbiji wanaijua kwa jina la mantakassa. Inatokana na kula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, hasa mwaka wa njaa ambapo watu wanakosa subira, makopa hayajakaa vya kutosha yanatwangwa yanapikwa, na mboga yenye protini, samaki, kunde, hakuna. Sumu iliyomo kwenye muhogo ndo inaharibu mishipa ya kuendesha miguu. Inawapata zaidi watoto na kina mama wa umri wa kuzaa. Mwanzo wake unaweza kufanana na hii yetu, mtu anasimama miguu inatetemeka, ila tofauti ni kubwa: konzo inakuja ghafla, siku moja mbili, miguu yote miwili inakakamaa, na ukikaa haiondoki, ukitembea ndo kabisa unatembea kwa vidole kama mkasi. Na haiponi. Kwahiyo ni ya kuzuia tu.

Kuzuia kwenyewe ni rahisi, na kama nyumbani mnakula ugali wa muhogo mchungu fanyeni leo. Tia unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ulipofikia kwa ndani. Ongeza maji huku unakoroga, unga utashuka kwanza halafu utapanda, ukifika tena kwenye ile alama acha maji. Utandaze kwenye mkeka au sinia, wembamba usizidi sentimita moja, uache masaa mawili juani au matano kivulini. Ile sumu inatoka hewani yenyewe. Usiku huohuo songa ugali, usiulaze. Hii njia imeletwa na watafiti wa Australia, na haibadilishi ladha kama wanavyoogopa kina bibi.

Tukirudi kwenye vipimo. Omba wakupime presha ukiwa umelala halafu tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama, maana presha ikishuka 20 ile namba ya juu au 10 ya chini hiyo ndo inayokuyumbisha na dawa yake ni nyingine kabisa (huwa inaendana na kizunguzungu na giza machoni, ya kwetu haina giza). Sukari. Wingi wa damu. Tezi la shingo, maana likizidi kufanya kazi linatetemesha mtu na linaweza hata kuleta mtetemo huu huu wa kusimama. Vitamini B12, hasa kama ni mtu wa kisukari umetumia metfomini miaka mingi, ile dawa inaishusha B12 taratibu bila wewe kujua.

Na dawa unazotumia. Zipange zote mezani pamoja na za dukani. Plasili ya kuzuia kutapika ukiitumia muda mrefu, dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, valproeti ya kifafa, salbutamoli ya pumu, zote zinaweza kutetemesha. Usiache mwenyewe, mwambie daktari.

Hatua ya tatu: mfanye daktari akuone umesimama

Sasa una daftari lako la sekunde, video, na labda ngurumo. Anza zahanati au kituo cha afya upate barua, ngazi ni ngazi hata ukikereka nazo. Ukiwa Lindi utaelekezwa Sokoine, huku kwetu Ligula, na juu yake kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Walio Masasi na Nachingwea wengi wanaona karibu Ndanda, wa upande wa Nyangao wana hospitali yao. Unayemtafuta ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na akipatikana wa mishipa ya fahamu ndo bora zaidi.

Ukiingia usikae. Najua ni kama utovu wa adabu, dokta anakukaribisha kiti wewe umeganda, ila sema, "Shikamoo dokta" au "habari za kazi dokta" kama ni kijana, "shida yangu inatoka nikisimama tu, naomba unipe dakika moja unione nimesimama." Kisha simama katikati ya chumba bila kushika kitu. Mwambie aweke kiganja pajani, na kwa heshima muombe asikilize. Mimi nilimwambia yule wa nne, "mwanangu, weka hicho kipimo chako hapa nyuma ya paja", alicheka kwanza, akaweka, akaacha kucheka. Akamwita na mwenzake.

Sema maneno matatu hata kama umesahau mengine: kinaanza nikisimama tuli, kinakata nikikaa, kinakata nikitembea. Ukianza na "mwili hauna nguvu" au "najisikia vibaya" umeshapotea, utaandikiwa vitamini.

Cha kuthibitisha ni kipimo cha umeme wa misuli. Wanakubandika vibati vidogo kwenye mapaja na vigimbi, mashine inahesabu mapigo kwa sekunde, ikisoma kati ya 13 na 18 kwenye miguu yote kwa pamoja hapo hakuna ubishi, hakuna ugonjwa mwingine wenye spidi hiyo kwenye kusimama. Lakini, na hapa nisikilize vizuri, mashine hiyo kawaida wanapima mtu amelala kitandani. Ukipimwa umelala majibu yatatoka safi, utarudi nyumbani na karatasi inasema mzima, pesa imeenda. Mwambie fundi wa mashine kabla hajaanza kwamba lazima upimwe umesimama, na kwenye barua ya daktari iandikwe hivyo. Nilisafiri kwenda Dar kwa ajili hiyo, kilomita zaidi ya 550 na basi linatoka usiku wa manane, ningekuwa sijui hilo ningelia.

Kama huna uwezo wa kufika huko usikate tamaa. Daktari akishakuona umesimama, akasikia ngurumo, na vipimo vya hatua ya pili viko sawa, anaweza kuamua kukujaribishia dawa.

Hatua ya nne: dawa

Inayoanza mara nyingi ni klonazepamu, wengine wanaijua kwa jina la Rivotril. Inaanza kidogo, miligramu 0.5 usiku, na inapandishwa polepole kwa wiki, sio kwa siku. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa kama zezeta, mteja anaongea habari za Simba na Yanga mi naitikia tu. Usingizi unapungua ukizoea. Haimsaidii kila mtu, na wanaosaidiwa mara nyingi wanapata muda zaidi wa kusimama tu, mtetemo wenyewe unabaki.

Mambo ya kushika kuhusu hii dawa. Ni ya cheti, duka linalokuuzia bila cheti linakosea na wewe unakosea. Haichanganywi na pombe hata kidogo, na msimu wa mabibo najua uraka unavyopita mkononi kwa mkono na gongo nyuma yake, ukichanganya unaweza kulala usiamke. Usiendeshe bodaboda mpaka ujue inavyokufanya. Mzee wa miaka 70 anaweza kuyumba na kuanguka kwa ajili ya dawa yenyewe, yani umekimbia kuanguka umekutana na kuanguka. Mwili unaizoea kwahiyo haikatwi ghafla, ukikata siku moja unaweza kupata degedege la mtu mzima, inapunguzwa kidogokidogo kwa maelekezo. Kwa huku kwetu hiyo maana yake ni moja: vidonge vikibaki vya wiki mbili anza kutafuta, usisubiri vya mwisho, kuna wakati hapa mjini nimezunguka maduka siku nzima ikabidi nimtumie mtu Dar.

Ya pili ni gabapentini, na kuna madaktari wanaoanza na hii. Inaanza miligramu 300 na inapanda, wengine wanafika 1800 mpaka 2400 kwa siku imegawanywa mara tatu. Inahitaji figo nzuri, upimwe figo kwanza. Nayo inalevya kidogo na miguu inaweza kuvimba. Zikiunganishwa mbili hizi usingizi unazidi na hata pumzi inaweza kupungua, hivyo ni uamuzi wa daktari, sio wa jirani aliyebakiwa na vidonge. Baada ya hapo kuna primidoni, kuna levodopa, wanajaribu moja baada ya nyingine maana kila mwili na wake.

Propranololi niiseme peke yake kwasababu ndo ya kwanza utakayopewa ukisema "natetemeka". Ni nzuri kwa mikono inayotetemeka. Kwa miguu hii ya kusimama mara nyingi haifanyi kitu, na kwa mwenye pumu ni hatari. Nilikula miezi miwili, nikapata usingizi wa ndoto mbaya basi.

Wakati wa Ramadhani: klonazepamu ya usiku haina shida na saumu, ila gabapentini ya mara tatu inabidi ipangwe upya. Nenda kwa daktari mwezi wa Shaabani, sio siku ya kwanza ya mfungo, na usiruke dozi kimyakimya.

Kuna na upasuaji wa kuweka waya ndani ya ubongo unaounganishwa na betri kifuani. Ni kwa wale ambao dawa zote zimeshindikana na hawawezi kusimama hata sekunde chache, na wengine unawasaidia. Kwa uwezo wetu wengi tuuache hapo.

Hatua ya tano: panga maisha usisimame tuli

Hii ndo imenisaidia kuliko dawa, nasema kweli. Ugonjwa unataka vitu viwili, usimame na utulie, ukiuondolea kimoja umeunyima chakula.

Kazini nilimpa seremala wa hapo jirani anitengenezee stuli ndefu, si ya kukaa kabisa, ya kuegesha makalio tu, mguu mmoja unabaki chini. Nikakiinua na kiti cha mteja. Kuchonga ndevu sasa nachonga nimeegesha, na mkono umetulia kuliko zamani. Wateja mwanzo waliuliza, "fundi umekuwa bosi siku hizi?" Nikawaambia ukweli, wakazoea. Mama muuza samaki Feri, mwalimu wa ubaoni, mpishi wa chipsi, wote inawezekana, tafuta tu urefu wa stuli unaolingana na kazi yako, ukikaa kwenye kigoda kifupi utashindwa kuifikia meza utarudi kusimama.

Foleni ni adui. Ya benki chukua namba kakae. Kwenye kupima korosho kwenye chama cha ushirika (Amcos), ukisubiri gunia lako lifike mzani, kalia gunia, ndo kiti chako hicho, au muachie kijana nafasi. Ukilazimika kusimama usitulie: piga hatua papohapo, hamisha uzito mguu huu na ule, egemea ukuta kwa mgongo, shika nguzo. Nina kiti kidogo cha kukunja kwenye begi, watu wananiita mvuvi, poa tu.

Nyumbani weka stuli ya plastiki bafuni. Hili usilidharau, kuoga umesimama macho yamefungwa na sabuni, sakafu inateleza, ndo watu wanavunjika nyonga. Kina mama menyeni mihogo mmekaa, kaangeni mmekaa.

Na ibada. Swala za kawaida nilikuwa nazimudu, kuna rukuu kuna sijda unasogea. Iliyonishinda ni ya jeneza. Swala ya jeneza ni kusimama tu, takbira nne mwanzo mpaka mwisho, hakuna kuinama, umebanana bega kwa bega na watu. Alifariki mzee wa mtaani kwetu, nikasimama safu ya pili, takbira ya pili mapaja yameanza, ya tatu natetemeka mpaka jirani yangu kushoto akanishika kiwiko akidhani ni majonzi. Nilimaliza nikaketi mchangani watu wakanipa pole kana kwamba mimi ndo mfiwa. Nilimueleza imamu baadae, akaniambia asiyeweza kusimama anasali ameketi, dini imeshalimaliza zamani, mimi ndo nilikuwa naona aibu. Sasa nakaa kwenye kiti mwisho wa safu. Wakristo nao waambieni wazee wa kanisa mapema, mkae benchi la pembeni wakati wa nyimbo ndefu.

Mazoezi: tembea kila siku, kutembea ndo kuko salama kwetu, mi naenda Shangani alfajiri kabla jua halijachoma. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini anaweza kukufundisha ya kuimarisha mapaja na kiuno na ya kutunza balansi, hayatoi ugonjwa ila ukiyumba unajidaka. Na hofu ya kuanguka inaumiza kuliko kuanguka kwenyewe, kuna kipindi nilikuwa siendi popote, nakaa ndani na redio. Ukijiona umefika huko mwambie daktari pia.

Daftari na kadi

Kila tarehe moja ya mwezi rudia kile kipimo cha sekunde, saa ileile, kabla ya dawa ya siku hiyo. Mimi la kwanza lilisema 31, baada ya klonazepamu miezi mitatu 58, tukaongeza gabapentini ikafika dakika 2 na sekunde 10, halafu mwezi ambao dawa ilikosekana nikaipunguza kwa maelekezo ikarudi 40. Daktari alikuwa hana haja ya kuniuliza "unajisikiaje", alisoma ukurasa akapanga dozi.

Na andika kadi ndogo uiweke nyuma ya kava la simu, siku ukikutana na daktari mgeni au ukianguka njiani. Yangu imeandikwa hivi, nakili ubadilishe za kwako:

"Nina mtetemo wa miguu wa kusimama (othostatiki trema). Unaanza nikisimama tuli, unakata nikikaa au nikitembea. Sijalewa, sina kifafa. Nisaidie nikae. Natumia klonazepamu na gabapentini, zisikatwe ghafla. Daktari: tafadhali nipime nikiwa nimesimama, sikiliza nyuma ya paja."